Magharibi ya Saa Tisa

Jumatatu, 24 Februari
Mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha

Leo tumempeleka baba kliniki ya sukari. Nimekaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, lakini nimerudi na furaha, na furaha siku hizi ni kitu cha kuandika.

Nesi wa leo anaitwa Bertha, mwanamke mnene asiye na haraka. Kaka Mudathir alianza kumweleza habari za baba kama anavyofanya kila mara: anakula hivi, analala hivi, macho yote mawili yamekwisha kwa presha ya macho, na sasa anataka kufunga Ramadhani, tafadhali mkatazeni. Bertha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza kiti chake kumwelekea baba. "Shikamoo mzee. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Baba hakujibu mara moja. Nadhani alikuwa anasubiri mmoja wetu ajibu, ndivyo tulivyomzoeza. Alipoona kimya akakohoa. "Sista, miye sioni. Shamba langu analima mtu mwingine. Nguo nafuliwa, chai nakorogewa, hata nikioga nasimamiwa mlangoni. Kufunga ndiyo kitu pekee ambacho hakuna mtu anaweza kunifanyia. Nataka kufunga."

Bertha hakumcheka wala hakumbembeleza. Alimwambia hatari yote wazi: mwaka jana ulianguka ukiwa umefunga peke yako Kisarawe, safari hii unaweza usiamke. Halafu akamwambia iko namna ya kujaribu. Si kila siku, aanze na siku mbili kwa wiki. Sindano abadilishiwe saa na kiasi. Kidole kipimwe mara kadhaa mchana, na sukari ikishuka chini ya kiwango watakachokubaliana, anafungua hapo hapo, hata kama Magharibi imebaki kidogo tu. "Utakubali kufungua, mzee?" Baba akasema atakubali. Alisema kwa sauti ya mtu mzima, sauti ambayo sijaisikia tangu ahamie huku.

Tulikuwa kwenye gari, tumeshapita Maili Moja. Hapo ndipo Mudathir akasema, "Hafungi." Baba alikuwa amekaa kiti cha mbele, pembeni yake.

Jumatano, 26 Februari

Kikao cha familia. Tulimwomba baba afungue kwa dua, akafungua. Kisha wifi Sada, mke wa kaka, akamshika mkono akampeleka chumbani akapumzike, maana kikao kilikuwa kinamhusu yeye.

Tulibaki watatu. Mudathir alisema dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa: asifunge, alishe maskini, basi. Nikamwambia baba analijua hilo kuliko sisi, na jana nilipomkumbusha alinijibu, "Ruhusa nimepewa miye, hajapewa Mudathir." Kaka akawaka. Akaniuliza kama ni mimi niliyemkuta mwaka jana sakafuni, mwili wa baridi, hamtambui mtu. Si mimi. Ni yeye. Tangu siku ile baba akaletwa huku na begi moja, na mimi nikafunga kibanda changu cha cherehani pale Maili Moja nije kumwangalia.

Wifi akasema tatizo la mzee ni kwamba akikatazwa atagoma kula kabisa, tunamjua. Hapo mimi na mdomo wangu nikatania, "Basi tumwadhinie saa tisa. Haoni, atajuaje?"

Nilicheka peke yangu. Mudathir akamgeukia mkewe. "Ile spika yako ndogo bado inashika chaji?"

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwambia kaka nilikuwa natania. Amesema mara moja moja na mimi huwa naongea jambo la maana.

Jumamosi, 1 Machi

Tumevunja jungu kwa pilau, kesho Ramadhani inaanza. Mudathir ameichukua redio ya baba, amemwambia ameipeleka kwa fundi. Iko juu ya kabati lake la nguo, nimeiona kwa macho yangu.

Jumapili, 2 Machi

Nataka kuandika tulivyofanya, maana najijua, baadaye nitaanza kukumbuka vingine.

Tumemwamsha baba saa moja asubuhi, jua limeshatoka, tukamwambia daku. Pazia limefungwa, feni inavuma kufunika adhana ya msikiti ulio mbali, watoto wa kaka wamepelekwa kwa jirani. Amekula uji na wali wa jana, kaka akamchoma sindano yake ya kila siku, tukamwambia ndiyo ile mpya ya nesi, na kwamba kwa sindano hiyo ameruhusiwa kufunga kila siku. Akanuia, akaswali Alfajiri. "Mbona jogoo wanawika hivyo?" akauliza. Nikamwambia jogoo wa Kibaha hawajui saa. Nilijibu upesi mpaka nikajishangaa.

Adhuhuri aliswali kwa wakati wake, akalala. Baada ya muda mfupi nikamwamsha: umelala sana baba, Alasiri inapita. Saa tisa na nusu spika ya wifi, ile ya kusikilizia taarabu akipika, ikaadhini dirishani.

Tukakaa mkekani wote wanne. Mbele ya baba kulikuwa na tende, uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi. Mbele yetu sahani tupu, maana sisi tumefunga kweli. Tukawa tunagonga vijiko kwenye sahani. Wifi alikuwa anatafuna hewa, na kaka, mtu mzima mwenye ofisi yake, alikuwa anapuliza uji ambao haupo. Baba aliomba dua ndefu, sauti inamtetemeka, kisha akala tende moja akanyamaza. Uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Kula, mama," akaniambia. "Mbona sikusikii?"

Nikagonga kijiko.

Jumatatu, 3 Machi

Sukari yake nzuri. Kaka amerudi kazini akipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imepiga bati tangu mchana mpaka giza, msikiti hausikiki kabisa. Mudathir ameshukuru.

Baba amelalamika kwamba usiku wa Kibaha ni mrefu mno. "Nafuturu, naswali, nalala, naamka, naambiwa bado usiku. Kisarawe usiku haukuwa hivi." Nikamwambia ni umri, baba, wazee usingizi huwapungua. Akasema labda. Anaamini kila ninachomwambia, na hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa anabishana ningepata nafuu.

Sisi tunafuturu jikoni Magharibi ikiingia kweli, kwa kunong'ona, mlango umefungwa.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nusura. Nimebonyeza simu vibaya, badala ya adhana spika ikatoa taarabu, tena kwa sauti ya juu, mama mmoja anamsema mke mwenzie. Nikaizima nikaweka adhana. Baba akatikisa kichwa. "Jirani yenu huyu hana adabu. Magharibi inaingia yeye anacheza ngoma." Wifi alikimbilia jikoni, nikajua anacheka. Na mimi nilicheka, nimwogope nani.

Kisha akaomba tumpigie rafiki yake wa Kisarawe, Mzee Khalfani. Alitaka kumwambia kwamba mwaka huu anafunga. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje. Khalfani akapiga kelele za furaha, halafu akasema, "Ngoja nikupigie baadaye ndugu yangu, nipo shamba nang'oa muhogo wa futari." Baba alicheka mpaka akakohoa. "Msikie! Anang'oa muhogo gizani!" Nikamnyang'anya simu nikasema salio limekwisha. Sikucheka tena.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nguo hazikauki, shuka za baba zinanuka unyevu.

Alhamisi, 13 Machi

Baba ameomba mambo mawili. La kwanza, apelekwe msikitini usiku kwa sala ya tarawehe, hata mara moja. Mudathir akasema matope, ataanguka. Baba akasema nishikeni mkono. Mudathir akasema huko mvua, huko mbu, huko giza. "Giza miye nalijua," baba akasema. Jibu likabaki lilelile. La pili, kumi la mwisho la Ramadhani akalifunge nyumbani kwake Kisarawe. Hilo hakujibiwa kabisa. Kaka alimpangusa mdomo kwa kitambaa, akatoka.

Nilimfuata nje nikamwambia turudi kwenye mpango wa nesi, tumwambie mzee ukweli, afunge siku zake mbili kwa kupimwa. Akaniuliza kwa nini tubadilishe kinachofanya kazi. Sukari yake haijawahi kuwa nzuri hivi, hagombi na mtu, analala akitabasamu. Nikasema lakini hafungi, kaka. "Anaamini anafunga," akanijibu. "Kwa Mungu si ndiyo hiyo?" Halafu akasema neno analolisema kila siku: akianguka, utambeba wewe? Aliposema alikuwa anachungulia dirisha la baba. Nilikuwa namwona jeuri, kumbe ni mwoga.

Aliyenishangaza ni wifi. Tangu nihamie hapa nimemhesabu kuwa ni mtu wa vipodozi na simu. Leo saa tisa na nusu ilipofika hakuja mkekani. Alisimama mlangoni akaniambia kwa midomo tu, bila sauti, "Mimi basi." Amemwambia mumewe chakula atapika, lakini kumwigizia mzee kula hawezi tena. Mimi nikakaa, nikagonga vijiko viwili, cha kwangu na cha wifi, ili baba asikose sauti.

Jumapili, 16 Machi

Baba ameniita baada ya ile wanayoiita futari. Naandika wanayoiita, kana kwamba mimi simo.

Akaniweka mkono kichwani. Akasema anajua nimeacha kazi yangu kwa ajili yake, na nguo za sikukuu ndiyo msimu wa fundi, nimekosa mengi. Akasema watu wote walitaka kumfanya mzigo, wa kulishwa na kufunikwa, ila mimi nilimtetea kule kliniki na kwenye gari. Mimi sikumtetea kliniki wala kwenye gari, nilitazama dirishani tu. "Nimefunga Ramadhani yangu kwa sababu yako, Firdausi. Kila ninapofuturu nakuombea weye kwanza." Akaniombea pale pale: mume mwema, riziki, mwisho mwema. Nilisema amina kwa kila moja.

Nimelia chooni nikafungulia bomba. Kesho nitamwambia.

Jumatatu, 17 Machi

Sikumwambia.

Jumatano, 19 Machi

Mungu ametusaidia au ametuumbua, sijui.

Saa tisa na nusu tulikuwa mkekani, baba na mimi na Mudathir, ambaye alikuwa amewahi kurudi. Adhana ya spika imekwisha, baba ameshaomba dua, ameshakula tende, anakunywa uji. Tukasikia hodi. Kabla sijainuka mlango wa uani ukafunguliwa na Mzee Khalfani akaingia, kanzu imelowa mpaka magotini, kiroba cha muhogo begani. Alikuwa ametoka Kisarawe kwa njia ya Kiluvya, alitaka kumshtukiza rafiki yake wafuturu pamoja.

Akasimama. Alimwangalia baba na bakuli lake, akatuangalia sisi na sahani zetu tupu na vijiko mkononi. "Mwinjuma," akamwambia baba taratibu, "unaumwa?"

Baba alifurahi hata akamwaga uji. "Khalfani! Karibu, karibu futari! Umewahi, tumeanza sasa hivi."

"Futari ya wapi, ndugu yangu? Miye Adhuhuri nimeiswali njiani, Alasiri yenyewe haijaadhiniwa."

Nje kulikuwa na mwanga mweupe wa mawingu, watoto wanapiga mpira kwenye madimbwi. Baba aliinua uso, akawa anasikiliza. Sauti za watoto, muuza samaki anayepita, pikipiki. Niliona uso wake ukizikusanya zile sauti, siku zote zile: jogoo, usiku mrefu, muhogo unaong'olewa gizani. Bakuli likabaki mkononi mwake.

"Firdausi, saa ngapi?"

Nikatazama sahani yangu tupu. Akamwuliza Mudathir. Kaka akasema, "Baba, tulikuwa tunakulinda." Saa hakumtajia.

Baba akaweka bakuli chini kwa uangalifu, akautafuta ukingo wa mkeka kwa kidole ili lisianguke. Akatema kilichokuwa mdomoni kwenye kiganja, akakaa nacho hivyo, hajui pa kukiweka. Nikamletea kitambaa, akaurudisha mkono wangu nyuma. Alimwambia Khalfani ampeleke kitandani. Walipita mbele yetu wameshikana, mzee mmoja amelowa na mwingine ana uji kwenye ndevu.

Khalfani hakukaa. Mlangoni alimwambia kaka, "Mngenidanganya miye ningewasamehe. Huyu hana macho, mwanangu, alikuwa anatumia yenu." Kisha akarudi Kisarawe na njaa yake. Muhogo aliuacha.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi.

Asubuhi kaka alimchoma sindano kama kawaida, tukiamini uji utafuata. Baba alinyoosha mkono kwa sindano bila neno, lakini uji hakuugusa. "Sijui ni daku au ni mchana," akasema. "Nitakaa hivi." Nikamwambia baba ni saa moja asubuhi, nakuapia. Akauliza jana ilikuwa saa ngapi nilipomwambia daku.

Alikataa kidole kupimwa. Alikataa maji. Wifi alimpigia magoti, akamwambia mzee leo usifunge, dawa imeshaingia mwilini, utaumia. Akamjibu kwa upole kwamba yeye hafungi leo, anangoja tu ajue saa. Nilimpigia Khalfani aongee naye. Baba aliisikiliza ile sauti mpaka mwisho, akairudisha simu. "Sauti za kwenye simu nimezizoea."

Mudathir hakwenda kazini. Alisema tumpeleke hospitali, baba akashika kitanda kwa mikono miwili, na sisi hatukuthubutu kumvuta. Alasiri alianza kutoka jasho. Akawa anachanganya majina, ananiita kwa jina la mama. Lakini ukimsogezea kijiko anafunga meno.

Mvua ikakatika jioni, na kwa mara ya kwanza wiki nzima adhana ya msikiti ikasikika, ya kweli, mbali lakini safi kabisa. Nilipiga magoti mbele yake na tende. Nikasema baba hiyo, sikia, Magharibi imeingia, futuru.

"Zima hiyo simu, Firdausi."

Nikamwekea simu yangu kwenye kiganja, imezimwa. Akaipapasa. "Mna simu ngapi humu ndani?"

Mudathir akatoka mbio akamleta mwanamume aliyekuwa anapita kwenda kuswali, akamwambia mwambie baba yangu ni saa ngapi. Yule mtu wa watu akasema ni Magharibi mzee wangu, naenda msikitini. Baba akageuza uso ukutani. "Na weye wamekuomba?" Kweli tulikuwa tumemwomba. Adhana ikaisha. Kaka, niliyemwona akiamuru kila kitu ndani ya nyumba hii, alikaa sakafuni akashika miguu ya baba akalia kwa sauti, anasema nisamehe baba, kula, nipige lakini kula. Tulikuwa watu wazima watatu, chakula kimejaa, jua limezama kwelikweli, na hatukuwa na njia hata moja ya kumwonyesha.

Halafu shingo yake ikalegea. Nilimpaka asali ndani ya shavu wakati kaka amembeba kwenda kwenye gari. Meno yalikuwa bado yamefungwa.

Jumamosi, 22 Machi

Ameamka jana, leo anaongea. Si na sisi.

Nesi Bertha alipita wodini, akavuta kiti akakaa karibu na kichwa chake. Baba akauliza haya maji yanayoingia mkononi, yanaingia mchana au usiku? "Mchana, mzee, saa tano na dakika kumi," Bertha akasema. "Nje kuna mawingu, upande wa barabara pana jua kidogo." Baba akapumua. Akamwamini. Baadaye nilimsikia akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili, "Yule Mkristo, hana haja ya kunidanganya saa ya kufuturu." Mgonjwa alicheka. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai.

Bertha alimwuliza anataka nini akitoka. Akasema nyumbani kwangu, Kisarawe. Akamwuliza kuhusu kufunga, akamwambia kwa sasa mwili umechoka, anashauri apumzike, halafu waone. Baba akasema, "Sawa sista, nitapumzika."

Sawa, basi! Kaka alinitazama, nikamtazama. Kumbe ilikuwa hivyo tu. Bertha alipotoka alitusimamisha koridoni, nikadhani atatufokea, nikajiandaa. Aliuliza tu, "Ule mpango tulioupanga naye, aliujaribu?" Mudathir akasema hapana. Yule mama akafumba macho kidogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jumanne, 25 Machi
Kisarawe

Tumemrudisha. Mudathir amebeba godoro mwenyewe, ameirudisha redio, ameweka betri mpya na kumwekea stesheni anayoipenda. Kila dakika anauliza, baba unataka nini, baba hivi sawa, baba huku kizuri? Baba anasema "sawa" kwa kila kitu. Redio hajaiwasha. Nimebaki naye mimi.

Nilimwomba msamaha usoni kwake, peke yetu. Nikamwambia wazo la saa tisa lilitoka mdomoni mwangu, kwa utani. Akasema amenisamehe. Najua amesema kweli. Kisha akamwita Khalfani, jirani yake, kupitia dirisha amwulize kama Adhuhuri imeingia.

Jumatano, 26 Machi

Zile siku zote alizokula mchana bila kujua, ameamua atazilipa mwaka mzima kidogo kidogo, mwili ukikubali. Zikimshinda atalisha maskini. Ameamua mwenyewe. Mimi nimeambiwa tu.

Ijumaa, 28 Machi

Jana alipelekwa kupimwa, akaruhusiwa kujaribu siku moja kwa ule mpango. Leo amefunga. Daku alikula baada ya Khalfani kuja kumwamsha, sindano tumefuata tulivyoelekezwa.

Adhuhuri nilimpima kidole, nikasoma namba, imeshuka chini ya kiwango. Nikamwambia. Akasema, "Mpe Khalfani asome." Khalfani akatafuta miwani, akakishika kipimo mbali, akakisogeza karibu, akasoma ileile.

Nikangoja ugomvi. Mudathir angekuwepo angekuwa ameshashika gari. Baba akapangusa uso. "Basi leo haikuwezekana," akasema. "Khalfani, nipe maji." Akanywa glasi nzima, akaomba na chai, tena akataka iwe na sukari kidogo. Hakulia wala hakulaumu mtu. Alikaa barazani anaongea habari za mikorosho na rafiki yake, mdomo una makombo ya mkate.

Hicho ndicho kitu ambacho kaka alikiogopa hata tukafanya yote yale. Nilisimama jikoni, nikaona hakuna cha kufanya na mikono yangu. Sijui mtu hurudishaje kitu kama hiki. Napika vizuri, nasema kweli saa zote, hata nisipoulizwa. Nasema baba, saa tatu na robo. Baba, saa tatu na nusu. Ananiitikia vizuri kabisa, kisha anageuza sikio lake nje.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mudathir, wifi na watoto watafika mchana. Khalfani ametangulia kuswali, njia ya msikitini ina tope na baba amechagua mwenyewe kubaki. Nimemwogesha nje ya mlango, yaani nimesimama mbali ajioshe, nikamvalisha kanzu niliyomshonea kwa mkono kwa sababu cherehani iko Maili Moja. Nimempikia tambi kidogo kama alivyoruhusiwa.

Nikampelekea barazani, nikapiga goti. "Shikamoo baba. Idi mubarak."

"Marahaba, mama," akasema. Takbira zilikuwa zinasikika kutoka kwenye vipaza sauti vya misikiti miwili, watu wananukia udi, watoto wanapita na viatu vipya. Nilikuwa nimeshika sahani mbele yake, mvuke unapanda, na mkono wake haukutoka kwenye goti.

Mwanamke mmoja tusiyemjua akapita njiani na ndoo kichwani. Baba akasikia hatua zake. "Samahani, mama," akamwita. "Eti leo ni Idi?"

Yule mwanamke akasimama, akanitazama mimi na sahani yangu, hakuelewa. "Ndiyo, babu, leo Idi," akasema. "Idi mubarak."

Baba akamshukuru. Ndipo akanyoosha mkono, akaipokea sahani.